Waliosimama Darasani

Tarehe 3 Desemba 2003, katika jengo la AICC mjini Arusha, mbele ya mahakama ya kimataifa kuhusu Rwanda, mwalimu wa historia alisimama kizimbani kusomewa hukumu. Watazamaji walikuwa nyuma ya kioo, hedifoni masikioni, kila mmoja akichagua lugha: Kinyarwanda, Kifaransa au Kiingereza. Mshtakiwa aliitwa Ferdinand Nahimana. Alikuwa amefundisha miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Rwanda kule Butare, akaenda Paris kuandika tasnifu ya udaktari kuhusu falme ndogo za kaskazini mwa nchi yake, akarudi nyumbani na shahada yake. Mwaka 1993 alikuwa miongoni mwa waasisi wa RTLM, redio iliyoingia hewani Julai mwaka huo kwa muziki mtamu wa Kikongo na mizaha ya vijiweni. Ilipofika Aprili 1994 redio hiyo hiyo ilikuwa ikitaja watu kwa majina, na mahali walipojificha.

Jaji Navanethem Pillay alimwambia kwamba hakushika bunduki wala panga, na bado amesababisha vifo vya maelfu ya raia. Alimwambia pia kwamba yeye, kuliko wengi, alijua fika nguvu ya maneno. Akahukumiwa kifungo cha maisha. Rufani ya mwaka 2007 ilikipunguza kikawa miaka 30.

Katika kesi hiyo upande wa mashtaka ulimleta Alison Des Forges kuwa shahidi mtaalamu. Huyu Mmarekani naye alikuwa daktari wa historia, na tasnifu yake ilihusu Rwanda ya mfalme Musinga. Basi ukumbi ule uliwakutanisha wanahistoria wawili wa nchi moja, wote wawili wamekesha juu ya karatasi za enzi ile ile ya mwanzoni mwa karne ya 20, mmoja anatoa ushahidi na mwenziwe analindwa na askari. Hapo hakukuwa na mjinga.

Jambo hilo lilinisumbua, na sababu naijua. Sisi tuliolelewa katika Tanzania ya Mwalimu tulikaririshwa maadui watatu kabla hatujamaliza jedwali la kuzidisha: ujinga, maradhi na umaskini. Kichwani mwangu vita alikuwa mtoto wa huyo adui wa kwanza. Niliamini watu wanapigana kwa sababu hawajasoma, na siku wakisoma watapeana mikono. Tukiwasikia jirani zetu wa magharibi wanauana, tulisema kwa huruma ya mtu aliyeshiba, wale bado elimu haijawafikia.

Kumbe ilikuwa imewafika zamani.

Turudi nyuma, hadi kwenye mji ambao leo unaitwa Huye, jana uliitwa Butare, na juzi Astrida, kwa jina la malkia wa Ubelgiji. Mwaka 1929 walifika hapo mabruda wa Kibelgiji wa shirika la Charity, wakajenga shule ya matofali iliyoitwa Groupe Scolaire. Kazi yake ilikuwa kuwatengenezea wakoloni makarani, waganga wasaidizi, mabwana mifugo na machifu wa kisasa kwa ajili ya Rwanda na Burundi, nchi mbili zilizokuwa zikitawaliwa kama moja. Waliosoma pale waliitwa Indatwa, wale wa kujivunia. Mwaka 1932 wanafunzi Watutsi walikuwa 45 na Wahutu 9. Mwaka 1945 Watutsi walikuwa 46, Wahutu 3. Na Wahutu ndio waliokuwa wengi mno katika nchi.

Hesabu hiyo haikuangukia pale kwa bahati mbaya. Tangu mwaka 1863, John Hanning Speke alipochapisha kitabu cha safari yake ya kutafuta chimbuko la Nile, Wazungu walikuwa wakirithishana dhana kwamba watawala warefu wa nchi za maziwa walitoka Ethiopia, kwamba ni watu wa damu nyingine waliozaliwa kutawala. Ilikuwa nadharia ya wasomi, ikiandikwa na wasomi, ikifundishwa na mapadri wasomi. Wabelgiji waliigeuza kuwa sheria ya utawala. Miaka ya 1930 walihesabu watu na kumpa kila mtu mzima kitambulisho chenye neno moja zito ndani yake.

Neno lenyewe la Kinyarwanda, ubwoko, lilikuwa linamaanisha ukoo: Abanyiginya, Abega, Abasinga, Abazigaba. Ndani ya ukoo mmoja ungewakuta Wahutu, Watutsi na Watwa pamoja. Kitambulisho kilipokuja, neno likahamishwa. Sasa ukiulizwa ubwoko wako hutaji ukoo tena, unataja Uhutu au Ututsi. Sisemi kwamba kabla ya hapo palikuwa peponi. Wahutu walitumikishwa mashambani mwa machifu bila ujira, na ng'ombe wa bwana alikuwa mnyororo. Lakini unyonge ule ulikuwa na milango. Mwenye kupata ng'ombe wengi aliweza kubadilika, na wajukuu wake wakasahau. Karatasi haisahau.

Vijana wa Kihutu waliokosa Astrida walipata mlango mwingine, seminari. Kabgayi na Nyakibanda ziliwafundisha Kilatini, falsafa, na haki ya mnyonge kama kanisa lilivyoanza kuihubiri baada ya vita vya pili vya dunia. Mmoja wao alikuwa Grégoire Kayibanda, mseminari aliyegeuka mwalimu na kisha mhariri wa gazeti la kanisa, Kinyamateka. Tarehe 24 Machi 1957 yeye na wenzake wanane walitia sahihi waraka unaojulikana kama Manifesto ya Bahutu. Waraka ule ukiusoma leo unakubaliana na mengi. Unadai shule kwa watoto wa Wahutu, unadai kazi, unadai ardhi. Ukifika mahali fulani lakini unashtuka. Wakati huo kulikuwa na mazungumzo ya kufuta maneno Muhutu, Mututsi na Mutwa katika vitambulisho, na wale wasomi tisa walipinga. Walitaka maneno yabaki, angalau kwa muda, ili takwimu zionyeshe wazi nani ananyimwa nini.

Hoja hiyo si ya kipumbavu. Hata leo anayetaka kuonyesha ubaguzi huanza kwa kuhesabu. Ila hesabu hukaa katika karatasi zikimsubiri yeyote atakayezichukua kesho, kwa nia yoyote.

Mwaka uliofuata wazee wa ikulu ya mfalme walijibu kwa barua. Walisema hakuna undugu kati yao na Wahutu, kwa kuwa mababu wa Watutsi waliishinda nchi na kuwafanya Wahutu watumishi. Basi pande zote zilikuwa zinagombea kitu kimoja, historia, na pande zote zilikuwa zimeinywa kwenye kisima kile kile cha misheni. Novemba 1959 chifu mdogo Mhutu, Dominique Mbonyumutwa, alishambuliwa na vijana wa Kitutsi, na ndani ya siku chache nyumba zikawa zinawaka. Watutsi kwa maelfu walikimbilia Uganda, Burundi, Kongo na Tanganyika. Rwanda ilipojitawala mwaka 1962, Rais wake alikuwa yule mhariri.

Burundi ilikwenda njia tofauti, ikafika mahali pabaya zaidi, mapema zaidi. Huko jeshi na serikali vilibaki mikononi mwa Watutsi wachache. Tarehe 29 Aprili 1972 waasi wa Kihutu walivamia upande wa kusini, karibu na ziwa, pande za Rumonge na Nyanza-Lac, wakaua Watutsi wengi. Jibu la serikali ya Michel Micombero halikuishia kwa waasi. Lilikwenda shuleni.

Askari na vijana wa chama walifika na orodha. Jina likisomwa, anayeitwa anatoka, anapanda lori. Walichukuliwa walimu, wauguzi, makarani wa benki, watumishi wa serikali, wanajeshi, wanafunzi wa chuo kikuu cha Bujumbura na wa shule za sekondari. Mwenye kalamu mfukoni alikuwa hatarini kuliko mwenye jembe. Makadirio mengi ya waliokufa ni kati ya 100,000 na 200,000, mengine yanapanda hadi 300,000. René Lemarchand, aliyeichunguza nchi ile kwa miaka mingi, aliyaita mauaji ya halaiki ya kuchagua, na kilichochaguliwa kilikuwa elimu. Hesabu ya wauaji ilikuwa baridi: Mhutu asiyesoma atalima na kulipa kodi, Mhutu aliyesoma siku moja atataka kutawala.

Ndipo ninapomwomba msomaji asimame kidogo. Tunapouliza kama elimu inapunguza vita, tunaifikiria elimu kama mvua, inayomnyeshea kila mtu sawasawa. Lakini katika nchi ambamo kiti cha ofisini ndicho njia pekee ya kutoka shambani, na viti vyenyewe ni haba, shule ndiyo mlango wa vita. Wazazi wa Kihutu walilielewa hili haraka kuliko wataalamu. Baada ya 1972 wengi waliwaweka watoto wao nyumbani, maana shule ilikuwa imekuwa orodha ya watakaokufa. Baadaye, miaka ya 1980, yalienea madai kwamba karatasi za mtihani wa kumaliza darasa la sita zilitiwa alama ya siri, herufi moja kwa Mhutu na nyingine kwa Mtutsi, ili msahihishaji ajue nani apite. Mama aliyeuza maharage apate ada ya shule aliyaamini, naye alikuwa na sababu zake.

Waliookoka walivuka kuja kwetu. Katumba, Mishamo na Ulyankulu zilikatwa katika misitu ya Rukwa ya wakati huo na ya Tabora, na wakimbizi wakapewa majembe na mashamba. Katikati ya miaka ya 1980 mtafiti Liisa Malkki aliishi na Warundi wa Mishamo, kisha akaenda kwa Warundi waliojipenyeza Kigoma mjini wakaishi humo. Alichokiona kimekaa nami. Kule kambini kila mtu alikuwa mwanahistoria. Wazee kwa vijana walisimulia kwa mpangilio wa somo, nani alikuja kwanza Burundi, nani alidanganya nani, mbinu gani zilitumika mwaka 1972, mwili wa Mtutsi unatambulikaje. Walikuwa wakijifunza kila siku, na kila walipojifunza walizidi kuwa Wahutu. Kigoma mjini mambo yalikuwa mengine. Kule mtu alikuwa Muha leo, Mkongo kesho, mume wa Mmanyema keshokutwa. Alifungua duka, alicheza bao, alizungumza Kiswahili, na akiulizwa habari za 1972 alipunga mkono. Kwa kipimo cha maarifa ya historia yao, wale wa mjini walikuwa wajinga. Hao wajinga ndio waliokuwa wameshaacha kuipigana vita ile vichwani mwao. Tanzania ilikuja kuwapa uraia zaidi ya 160,000 wa kundi lile la 1972, na leo wajukuu wa Mishamo wanapiga kura Katavi.

Rwanda, upande wa pili wa mpaka, iliyatazama mauaji ya Burundi na kuyalipiza kwa Watutsi wa kwake. Mwanzoni mwa 1973, kwenye mbao za matangazo za chuo kikuu cha Butare na za shule za sekondari, yalibandikwa majina. Aliyekuta jina lake alitakiwa aondoke. Hayakubandikwa na wanakijiji. Yalibandikwa na wanafunzi wenzao wa darasa moja, vijana wa kamati zilizojiita za wokovu wa umma, waliokopeshana madaftari wiki iliyotangulia. Julai mwaka ule Juvénal Habyarimana alimpindua Kayibanda, fujo zikatulia, na mahali pake pakaja utaratibu. Uliitwa iringaniza, usawazishaji, mgawo wa nafasi za shule kwa kabila na kwa mkoa. Watutsi walitengewa kama asilimia 9.

Mgawo unahitaji hesabu, na hesabu ilifanyiwa darasani. Watu waliosoma shule ya msingi Rwanda ya miaka ile, wa pande zote, wanasimulia jambo lile lile, na wanalisimulia kwa sauti ya chini. Mwalimu anaingia na fomu. Anasema, Wahutu wasimame. Darasa karibu lote linasimama. Anahesabu, anaandika, wanakaa. Watutsi wasimame. Wanasimama wachache, wenzao wanageuka kuwatazama. Halafu Watwa, pengine mmoja, pengine hakuna. Na kila mwaka palikuwa na mtoto mmoja au wawili waliobaki wamekaa mara zote tatu, au waliosimama na marafiki zao kwa sababu wamezoea kusimama nao. Hao walikuwa hawajui wao ni nani. Mwalimu aliwatuma nyumbani wakaulize. Kesho yake walirudi wanajua.

Kila ninapoambiwa kwamba shule inaondoa ujinga, namkumbuka mtoto huyo aliyebaki amekaa.

Vita ilipoanza Oktoba 1990, waasi wa RPF, wengi wao watoto wa wakimbizi wa 1959, wakiingia kutoka Uganda, kazi ya kueleza kwa nini Mtutsi ni adui haikuachiwa wahuni. Gazeti la Kangura lilitoa amri kumi za Wahutu Desemba 1990, na mojawapo ilidai kwamba katika elimu, wanafunzi na walimu wa shule, walio wengi lazima wawe Wahutu. Tarehe 22 Novemba 1992 kule Kabaya alihutubia Léon Mugesera, daktari wa isimu aliyesomea Chuo Kikuu cha Laval huko Québec, akasema Watutsi warudishwe Ethiopia kwa njia ya mkato, mto Nyabarongo. Nadharia ya Speke ilikuwa imesafiri miaka 129, kutoka kitabu cha mpelelezi hadi kinywa cha mtaalamu wa lugha. Miezi kumi na saba baadaye maiti zilielea katika mto huo zikishuka kuelekea Ziwa Victoria, na wavuvi wa Kagera wakaacha kutega nyavu.

Usiku wa tarehe 6 Aprili 1994 ndege iliyowabeba Habyarimana na Rais wa Burundi, Cyprien Ntaryamira, kutoka kwenye mkutano wa Dar es Salaam ilitunguliwa ikikaribia Kigali. Katika siku kama 100 zilizofuata waliuawa watu wapatao 800,000, wengine husema milioni moja.

Tazama waliokuwa juu. Rais wa serikali ya mpito, Théodore Sindikubwabo, alikuwa daktari wa watoto. Waziri Mkuu, Jean Kambanda, alikuwa mtu wa uchumi na benki. Waziri wa familia, Pauline Nyiramasuhuko, alikuwa na shahada ya sheria kutoka Butare. Jean-Paul Akayesu, meya wa Taba, mtu wa kwanza kabisa kutiwa hatiani kwa mauaji ya halaiki na mahakama ya kimataifa, hukumu ya Arusha ya tarehe 2 Septemba 1998, alikuwa mwalimu na kisha mkaguzi wa shule. Hati yake ya mashtaka ilidai aliwaagiza watu wawaue wasomi na wenye ushawishi, na miongoni mwa waliotajwa humo kuwa wameuawa ni walimu watano. Mkaguzi wa shule na walimu.

Butare yenyewe, mji wa chuo kikuu, ilijizuia kwa karibu wiki mbili. Mkuu wa mkoa, Jean-Baptiste Habyalimana, Mtutsi pekee mwenye cheo hicho nchini, alizuia mauaji, na wakimbizi wakamiminika kutoka mikoa ya jirani wakiamini kwamba mji wa wasomi ni salama. Akaondolewa kazini. Tarehe 19 Aprili yule daktari wa watoto alifika akahutubia, akawakemea wanaokaa pembeni wakidhani kazi haiwahusu. Kesho yake, tarehe 20, aliuawa malkia mjane Rosalie Gicanda, mwanamke mzee aliyekuwa akiishi kimya mjini. Halafu chuo kikuu. Halafu hospitali ya chuo kikuu, wagonjwa wakitolewa vitandani. Butare, iliyochelewa kuanza, ikawa miongoni mwa mikoa iliyopoteza watu wengi zaidi.

Kwenye vizuizi vya barabarani kitambulisho kilifunguliwa. Kwenye mstari wa ubwoko yalikuwa yamechapwa maneno Hutu, Tutsi, Twa, na mengine yamekatwa kwa wino ili libaki moja. Ili kumjua wa kumuua kwa kitambulisho ilibidi pawepo mtu anayejua kusoma.

Nisieleweke vibaya. Wapo watafiti waliolinganisha nchi nyingi kwa takwimu, na Paul Collier na Anke Hoeffler walionyesha kwamba nchi ambako vijana wengi wa kiume wanaingia sekondari huwa na hatari ndogo zaidi ya kuingia vitani. Maelezo yao yanaingia akilini: kijana mwenye mustakabali anaona mengi ya kupoteza, hanunuliki kwa bunduki na posho ya siku. Sina ugomvi na takwimu hizo. Scott Straus naye aliwahoji wafungwa 210 waliokiri kuua Rwanda, akakuta kwamba wengi walikuwa wakulima wa kawaida kabisa, baba wa familia, wenye elimu ya kiasi kile kile cha majirani zao, na kilichowasukuma ni hofu ya vita, amri, na shinikizo la wenzao mlangoni. Elimu haikuwafanya wauaji. Haikuwazuia pia. Wenye shahada waliandika, wenye darasa la tano wakatekeleza, na shule ilikuwa imewafundisha wote maana ya lile neno kwenye kitambulisho.

Kuna Wanyarwanda wengine ambao shule haikuwafundisha sana, nao ni wa lugha yetu. Tangu enzi ya Wajerumani wafanyabiashara na askari Waislamu waliingia Rwanda na Kiswahili chao, na Wabelgiji wakawabana katika vitongoji vilivyoitwa kambi za Waswahili. Biryogo, Kigali, ilikuwa moja. Shule zilikuwa mikononi mwa kanisa, na mtoto wa Kiislamu alipata nafasi kwa shida. Vyeo vya serikali viliwapita. Waliuza vitenge, waliendesha magari, waliitwa Waswahili kwa dharau, ikimaanisha wajanja wa mjini. Mwaka 1994 Biryogo na Nyamirambo zilijulikana kuwa mahali watu walipofichwa, Mtutsi, Mhutu, Mwislamu, Mkristo. Siwapambi. Hassan Ngeze, mhariri wa ile Kangura, alikuwa Mwislamu, na hakuwa na shahada kama wenziwe alioshtakiwa nao Arusha katika kesi ile ile ya Nahimana. Lakini jumuiya iliyoachwa nje ya shule ilikuwa imeachwa pia nje ya zile fomu. Miaka yote ambayo wengine walisimama na kukaa, wao walikuwa Waswahili tu.

Baada ya mauaji serikali mpya ya Rwanda ilikuta shule hazina walimu wala madawati. Nyingine zilikuwa makaburi. Murambi, shule ya ufundi iliyokuwa bado inajengwa, ilikuwa mahali walipouawa makumi ya maelfu waliokimbilia humo, na leo ni makumbusho. Ilikuta pia kwamba haiwezi kufundisha historia ya nchi, maana hakuna kitabu kinachokubalika wala mwalimu anayethubutu. Somo la historia ya Rwanda likasimamishwa. Burundi nayo ilikuwa vitani tangu Oktoba 1993, alipouawa Rais Melchior Ndadaye, mmoja wa wanafunzi waliokimbilia Rwanda mwaka 1972. Siku ya kifo chake, kule Kibimba, wanafunzi wa Kitutsi zaidi ya 70 walichomwa moto ndani ya kituo cha mafuta, na mkuu wa shule yao alikuja kutiwa hatiani.

Katika hali hiyo ndipo yalipotokea mambo mawili, nchi mbili tofauti, katika muda wa kama wiki sita.

La pili kwa tarehe ni la Buta, seminari ndogo katika mkoa wa Bururi, kusini mwa Burundi. Alfajiri ya tarehe 30 Aprili 1997, miaka 25 na siku moja tangu yalipoanza yale ya 1972, waasi waliingia bwenini. Waliwaamrisha vijana wajitenge, Wahutu huku, Watutsi kule. Vijana hawakujitenga. Wakaamrishwa tena, wakashikana. Waliuawa 40, wa pande zote mbili, wakazikwa safu moja hapo hapo shuleni. Mkuu wa seminari, padri Zacharie Bukuru, alikuwa tangu mwaka 1993 akiwakutanisha wanafunzi wake wazungumze vita waziwazi, Mhutu aseme kilichompata kwao, Mtutsi aseme kilichompata kwao, mbele ya wenzao, halafu wacheze ngoma pamoja. Hilo halikuwamo kwenye muhtasari wa masomo.

La kwanza ni la Nyange, magharibi mwa Rwanda. Kilima hicho kilikuwa tayari na jina. Aprili 1994 Watutsi wapatao 1,500 walikimbilia kanisani, na kanisa likabomolewa juu yao kwa katapila. Padri aliyekuwa na parokia ile, Athanase Seromba, alihukumiwa Arusha, na kwenye rufani akapewa kifungo cha maisha. Miaka mitatu baadaye, tarehe 18 Machi 1997, washambuliaji kutoka ng'ambo ya mpaka waliingia usiku katika shule ya sekondari ya hapo hapo. Chakula cha jioni kilikuwa kimeshaliwa. Wanafunzi wa madarasa ya juu walikuwa prepo, vitabu wazi mezani. Wenye bunduki wakaagiza kile walimu walichoagiza kwa miaka mingi: Wahutu upande huu, Watutsi upande ule.

Wanafunzi walijibu kwamba hapa wote ni Wanyarwanda. Walipigwa risasi na kurushiwa mabomu ya mkono, kadhaa wakafa, wengine wakabaki na vipande vya chuma mwilini. Wengi wa vijana wale walikuwa shule ya msingi wakati fomu zile zingali zinajazwa, kwa hiyo kila mmoja alijua vizuri yeye ni nani. Na kwa kuwa somo la historia ya Rwanda lilikuwa limesimamishwa, kilichokuwa mezani usiku ule kilikuwa madaftari ya masomo mengine.